Upasuaji ni bure, lakini kipato cha familia bado kinaamua maisha ya mtoto mwenye mpasuko wa mdomo

#1 Kipimajoto (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka asome aya inayofuata halafu aje tubishane.

Mzazi asiye na uwezo akiuliza mtandaoni afanye nini na mtoto aliyezaliwa na mpasuko wa mdomo au kaakaa, jibu huwa moja: upasuaji unafanywa bure, mpeleke. Si uongo. Yapo mashirika ya hisani: Operation Smile tangu 1982, Smile Train tangu 1999, na hili la pili kazi yake hasa ni kuwawezesha madaktari waliopo nchini kwao. Watoto wengi sana wameshonwa bila mzazi kutoa chochote. Ninachobishia ni kule kudhani kwamba baada ya hapo kipato cha familia hakina tena la kufanya. Kwa ninavyoona mimi, siku ya upasuaji ndiyo siku ambayo umaskini unamgusa mtoto huyu kidogo kuliko siku nyingine zote. Unamgusa kabla, na unamgusa kwa miaka mingi baadaye.

Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito, kaakaa kati ya wiki ya 6 na ya 9. Pande zisipokutana, mpasuko unabaki. Duniani hutokea kwa takriban mtoto mmoja kati ya 700, na hauchagui nyumba. Kwenye kunyonya ndipo nyumba zinapoanza kutofautiana.

Mtoto mwenye mpasuko wa mdomo peke yake mara nyingi ananyonya. Wa kaakaa anashindwa, kwa sababu hewa inapita puani na mvuto haujengeki mdomoni. Anahangaika na ziwa, anapata kidogo, anachoka, analala na njaa. Ufumbuzi unajulikana: maziwa yakamuliwe, apewe kwa kikombe, kijiko au chupa laini ya kubinya, awe amekaa wima, acheulishwe mara kwa mara. Hakuna hapo kinachodai utajiri. Kinachodaiwa ni mtu wa kumwonyesha mama mapema, na mama mwenye muda wa kulisha mlo mmoja kwa saa nzima. Mama anayetakiwa kurudi kibaruani haraka anaweza kuujua utaratibu wote na bado asiwe na hizo saa.

Sasa angalia kinachofuata. Kwa miongo mingi madaktari wa upasuaji wamefuata kanuni ya kumi tatu kabla ya kushona mdomo: wiki 10, ratili 10 za uzito (kama kilo 4.5), na hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) gramu 10 kwa desilita. Ni usalama wa dawa ya usingizi, hakuna wa kumlaumu. Lakini mtoto ambaye hakulishwa vizuri hafikii uzito, damu yake iko chini, anaambiwa arudi baadaye. Kurudi ni nauli, na ni siku bila ujira. Wengine hawarudi hadi mtoto anatembea.

Kuchelewa kuna bei yake. Jaribio la kimataifa lililochapishwa 2023 liliwachukua watoto 558 wenye mpasuko wa kaakaa pekee, wengine wakapangiwa kushonwa wakiwa na miezi 6, wengine miezi 12. Walipopimwa wakiwa na miaka 5, kaakaa laini (sehemu yake ya nyuma) halikuweza kuziba vizuri njia ya pua kwa asilimia 8.9 ya kundi la kwanza na asilimia 15 ya kundi la pili. Hao walikuwa watoto wenye afya, kwenye vituo vilivyokamilika. Pengo la miezi sita tu limeonekana kwenye usemi wao. Ninafikiria watoto wanaochelewa kwa miaka kwa sababu ya uzito na nauli, nakosa la kusema.

Na baada ya kaakaa kushonwa bado kuna masikio, matamshi, meno, mfupa wa ufizi unaopandikizwa akiwa na miaka kama 8 hadi 11, na wengine taya linalorekebishwa ukuaji ukishakoma. Nani analipia hiyo miaka yote? Karibuni.

#2 Njiwa_Manga

Nimeweka kambi hapa. Endeleeni.

#3 Bwana Hoja

Mkuu Kipimajoto, umeandika vizuri ila umeipa pesa mamlaka makubwa mno. Watoto wa wenye nazo nao wanachekwa shuleni, wanajificha kwenye picha za darasa, wanakataa kusimama kusoma. Na kuna jambo hukuligusa: ukubwa wa mpasuko wenyewe hautabiri ni mtoto gani atateseka. Yupo mwenye kakovu kasikoonekana na anaumia kila akitazama kioo, na yupo mwenye mpasuko wa pande zote mbili anaongoza kwaya. Kama hata ukubwa wa tatizo hautabiri, mshahara wa baba utatabirije? Mimi naamini malezi. Mtoto anayependwa nyumbani anatoka na ngozi ngumu.

#4 Kipimajoto

Bwana Hoja, kuhusu ukubwa wa mpasuko nakuunga mkono asilimia mia. Na niongeze: watafiti waliokusanya tafiti nyingi kwa pamoja wamekuta kwamba wengi wa watoto hawa hawana matatizo makubwa ya kisaikolojia. Sisemi ni watoto wa kuhurumiwa.

Lakini malezi nayo yanahitaji mtu awepo nyumbani, tena akiwa na nguvu. Mzazi anayeondoka alfajiri na kurudi mtoto amelala anampenda kama kawaida. Wa kusikia kwamba leo ameitwa jina baya shuleni ni nani? Na mwenzake mwenye nafasi, akilisikia, anaweza kumhamisha darasa, kumtafutia mshauri, au kwenda kuongea na mwalimu mchana wa siku ya kazi. Upendo ni uleule, njia za kuutumia ndizo zinatofautiana.

#5 Takwimu Kavu

Ngoja niingie kwa upande wa vipimo, maana watu wanasema "ubora wa maisha" kana kwamba ni kitu cha kupima kwa rula.

Kwa watoto hawa kuna madodoso ya aina mbili. Yapo ya jumla, ambayo mtoto yeyote anaweza kujaza, kuhusu mwili, hisia, marafiki na shule. Yapo mahsusi, na linalojulikana zaidi sasa ni CLEFT-Q, lililotengenezwa kwa wenye miaka 8 hadi 29 baada ya kuwasikiliza wagonjwa wenyewe katika nchi mbalimbali. Linauliza kuhusu pua, midomo, meno, taya, kovu, kula na kunywa, kuongea, na jinsi mtu anavyojisikia akiongea mbele za watu.

Tatizo la kwanza: nani amejaza? Kwa watoto wadogo anajaza mzazi, na mzazi na mtoto mara nyingi hawakubaliani. Mzazi aliyebanwa na madeni anaweza kuona maisha ya mtoto ni magumu kuliko mtoto anavyoyaona. Kwa hiyo ukikuta familia zenye kipato kidogo zina alama za chini, jiulize kwanza kama umepima mtoto au umepima uchovu wa mama.

La pili: kipato hakitembei peke yake. Kimeshikana na elimu ya wazazi, umbali hadi kituo, idadi ya watoto ndani ya nyumba, na umri ambao mtoto alishonwa. Ukiviweka vyote kwenye hesabu moja, kipato kinaweza kuonekana kimepoteza nguvu, mtu akaandika kwamba pesa haina athari. Huo ni usomaji mbaya. Kama kipato ndicho kilichomfanya mtoto achelewe kushonwa, na kuchelewa ndiko kulikoharibu matamshi, basi ukiondoa athari ya kuchelewa umeiondoa njia yenyewe ambayo kipato kinapita.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Watafiti huwapata watoto kliniki. Aliyeacha kuja kliniki kwa kukosa nauli hayumo kwenye takwimu. Maskini tunaowapima ni wale waliofanikiwa kufika.

Kwa afya ya kinywa ya watoto kwa jumla, uhusiano wa kipato kidogo na maisha duni umeonekana mara nyingi. Kwa watoto wa mpasuko pekee, matokeo hayafanani kati ya utafiti na utafiti, na sababu hizo tatu zinachangia.

Halafu kuna tume ya jarida la kitabibu la Lancet kuhusu upasuaji duniani, ripoti ya 2015. Ilikadiria kwamba watu milioni 33 kila mwaka wanaingia kwenye balaa la kifedha kwa kulipia upasuaji na dawa ya usingizi. Na wengine milioni 48 kwa gharama zisizo za matibabu: nauli, malazi, chakula cha anayemsindikiza mgonjwa. Someni tena hizo namba mbili. Huo ni upasuaji wa kila aina, si wa mpasuko tu, lakini ndiyo hoja ya mwanzilishi wa uzi kwa tarakimu.

#6 Nesi Mstaafu

Nimefanya kazi na watoto hawa sehemu kubwa ya maisha yangu, niseme kidogo.

Kwenye mafaili tulikuwa tunaandika "hakuhudhuria". Ukiandika hivyo mara kadhaa, mzazi anageuka mzembe kwenye macho ya kila anayefungua lile faili. Niliwahi kukaa na mama mmoja aliyeandikwa hivyo. Kliniki ya masikio ilikuwa siku moja, ya meno siku nyingine, ya matamshi wiki nyingine, na mwajiri wake alikuwa anamkata ujira wa siku nzima hata akiondoka kwa saa mbili. Akachagua meno, kwa sababu meno yanaonekana. Masikio hayaonekani.

Na masikio ndiyo ningependa wazazi wayasikie hapa. Misuli inayofungua mrija wa sikio la kati ndiyo hiyohiyo ya kaakaa laini. Kaakaa likiwa limepasuka, mrija haufunguki vizuri, majimaji yanakaa nyuma ya ngoma ya sikio. Karibu kila mtoto mwenye mpasuko wa kaakaa anapitia hili. Hayaumi sana, hayatoi usaha, basi nyumbani wanasema mtoto mtundu, hasikii akiitwa, darasani ni mzito. Kumbe anasikia kama mtu aliyezama ndani ya maji. Wengine wanawekewa vibomba vidogo kwenye ngoma ya sikio, wengine wanafuatiliwa tu hadi watakapokua. Ila lazima apimwe. Mtoto asiyesikia hawezi kusahihisha matamshi yake hata ukimpa mtaalamu bora kuliko wote.

Mwanangu Bwana Hoja, ngozi ngumu ni nzuri. Masikio safi ni mazuri zaidi.

#7 Bwana Hoja

Shikamoo mama. Hapo nimenyamaza kidogo. Sijarudi nyuma, nimenyamaza tu.

#8 Kovu la Kushoto

Mimi ndiye mnayemjadili, kwa hiyo naomba nafasi. Nilizaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa, upande wa kushoto kama ilivyo kwa wengi. Sasa ni mtu mzima.

Mnaongelea kipato kama kitu cha wazazi. Mtoto anakijua. Nilijua kila safari ya kliniki inakata nini nyumbani. Nilijua kaka yangu amekosa kitu fulani mwezi ule kwa sababu mimi nilikuwa na miadi. Hakuna aliyeniambia, na hakuna aliyeninung'unikia hata siku moja. Watoto wanasikia mahesabu ya wazazi usiku. Nikaanza kusema siumwi. Nikaanza kusema nyaya za meno sizitaki, wakati nilizitaka kuliko kitu chochote. Mtu akinipa dodoso wakati ule angeandika mtoto ameridhika na meno yake.

Takwimu Kavu, hilo liweke kwenye orodha yako. Umesema mzazi anaweza kujaza vibaya, hata mtoto anaweza kujibu kwa kulinda mfuko wa mama.

Kuhusu kuongea. Kaakaa langu lilishonwa nikiwa nimeshaanza kusema, na nilikuwa nimeshajifundisha mwenyewe njia za mkato: sauti kama p, t na k nilizitolea kooni kwa sababu mdomoni hazikupata nguvu ya hewa. Kushona kaakaa kunaziba njia ya hewa kutorokea puani, lakini tabia ya koo hakuiondoi. Hiyo inaondolewa kwa mazoezi ya muda mrefu na mtaalamu wa matamshi. Upasuaji niliupata bure, mtaalamu sikumpata. Kwa hiyo nilitoka na mdomo mzuri na sauti ileile ya king'ong'o, na watu wakawa wananishangaa zaidi, maana uso ulishawaahidi kitu kingine.

Nimejifunza ukubwani. Kwenye simu bado kuna watu wananiomba nirudie.

#9 Kipimajoto

Kaka Kovu la Kushoto, asante sana kwa kuandika. Hiyo ya mtoto kukataa nyaya za meno ili kuokoa pesa sijawahi kuiona kwenye maandishi yoyote ya wataalamu niliyoyasoma.

#10 Mama Pacha

Samahani kama natoka nje ya mada. Mtoto wangu wa kwanza ana mpasuko, sasa nataka kubeba mimba nyingine na mawifi wananitisha. Uwezekano wa wa pili kuwa nao ni mkubwa? Na kweli ni kwa sababu ya kula vibaya?

#11 Nesi Mstaafu

Hujatoka nje, mama. Kwa wazazi wasio na mpasuko wenyewe na wenye mtoto mmoja aliye nao, uwezekano kwa anayefuata kwa kawaida ni asilimia chache tu, mara nyingi hutajwa kati ya 2 na 5. Kwa baadhi ya aina za kurithi, unapanda sana. Mfano ni pale familia ina vishimo vidogo kwenye mdomo wa chini, hapo inaweza kuwa hali ya Van der Woude, na mzazi mwenye hali hiyo anaweza kumrithisha nusu ya watoto wake. Mwonyeshe daktari mdomo wa mtoto na wa kwako.

Sababu ni mchanganyiko wa jeni na mazingira. Sigara inaongeza hatari, kisukari kisichodhibitiwa kabla ya mimba pia, na baadhi ya dawa za kifafa kama valproeti na topirameti. Kama unatumia hizo usiache ghafla, nenda kaongee na daktari kabla hujabeba. Asidi ya foliki anza kabla ya mimba. Mawifi waambie nimesema si laana na si uzembe wako.

#12 Baba Mdogo

Nimesoma uzi wote. Nina swali la mtu mwenye pesa kidogo, si la mtu asiye na kitu na si la tajiri. Namlea mtoto wa marehemu kaka yangu, ana miaka mitano. Mdomo na kaakaa vimeshashonwa. Jino la mbele limejikunja, anaongea kwa pua kidogo, na kovu linaonekana. Kila daktari ninayemwona ananitajia kitu chake. Siwezi vyote. Nianze na kipi?

#13 Takwimu Kavu

Kabla mama hajajibu: kuna utafiti maarufu wa Ulaya uitwao Eurocleft, ulilinganisha vituo sita vya kaskazini mwa Ulaya. Watoto waliofanyiwa matibabu mengi zaidi hawakuwa na matokeo bora kuliko wa vituo vilivyofanya machache. Kwa hiyo mkuu usijisikie vibaya kwamba huwezi vyote. Vingine havihitajiki.

#14 Nesi Mstaafu

Baba, pole kwa kaka na hongera kwa kulea. Mimi si daktari wa mtoto wako, lakini ningekuwa na mfuko wako ningepanga hivi.

Masikio kwanza. Akapimwe usikivu hata kama unaona anasikia.

Kisha matamshi, na hapa miaka mitano ni umri wa kutochelewa kwa sababu shule iko mlangoni. Ila uliza swali hili mapema: king'ong'o chake kinatokana na tabia ya ulimi na koo, au kaakaa laini halifikii nyuma? Ya kwanza inatibiwa kwa mazoezi. Ya pili mazoezi peke yake hayataitibu, anahitaji upasuaji mwingine. Nimeona familia zinalipia mazoezi mwaka mzima kwa tatizo ambalo mazoezi hayaliwezi, na hiyo inaniuma kuliko kukosa kabisa. Angalia pia kama vinywaji vinatokea puani. Vikitokea, huenda kumebaki tundu kwenye kaakaa. Kama mtaalamu yuko mbali, mwombe akupangie mazoezi ya nyumbani na umwone mara chache. Dakika chache kila siku nawe zinasaidia kuliko saa moja anayoipata kwa nadra.

Piga mswaki. Nasema kwa herufi kubwa kama ningeweza. Watoto hawa wanaoza meno kwa urahisi zaidi, na ufizi wenye meno mabovu unachelewesha upandikizaji wa mfupa. Hii ndiyo sehemu ya bei rahisi kuliko zote.

Jino lililojikunja sasa ni la utoto, liache. Kunyoosha meno ya utoto kwa nyaya mara nyingi si lazima. Pesa hiyo iweke kwa ajili ya mfupa wa ufizi, unaopandikizwa kabla chonge la utu uzima halijashuka. Akifika miaka saba hivi muombe daktari wa meno picha ya eksirei aone chonge liko wapi. Dirisha hilo likipita, mfupa bado unaweza kupandikizwa ila matokeo huwa si mazuri kama ya wakati wake.

Kovu na pua mwisho. Vinarekebishwa akiwa mkubwa, na wakati huo atasema mwenyewe anataka au hataki. Ila wewe muulize kwa namna ambayo hatasikia gharama ndani ya swali. Kijana wa namba 8 ameshakueleza kwa nini.

#15 Baba Mdogo

Shikamoo mama na asante. Hilo la tundu ndiyo nimelielewa leo, maziwa huwa yanamtoka puani na tuliambiwa ni kawaida.

#16 Nesi Mstaafu

Marahaba. Si kawaida baada ya kushonwa, mrudishe kwa aliyemshona au kwa yeyote anayefanya kazi hiyo. Na popote utakapokwenda omba nakala ya karatasi ya upasuaji, ihifadhi nyumbani. Madaktari wanahama na mafaili yanapotea, na atakayemfanyia mara ya pili lazima ajue wa kwanza alishona vipi.